Shule Aliyoipaka Chokaa Jumbe Senkondo

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hizo? Mmekunywa uji au mmeunusa tu? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa mko hai. Nisikilizeni, na mkiniona nimekasirika msishangae, maana hadithi hii kila nikiisimulia damu inanichemka.

Zamani hizo, babu za babu zenu hawajaota meno, kilikuwako kijiji chenye shule. Nani aliijenga? Msiniambie jumbe! Waliijenga watu wote, kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Ngoma ililia alfajiri, kila nyumba ikatoa mtu wa kazi. Wafinyanzi walichimba udongo. Wanawake waliteka maji. Wengine walikanyaga, tu-tu-tu, tu-tu-tu, mpaka udongo ukalainika. Na kuta zilipokandikwa, kabla hazijakauka, kila nyumba ilibandika kiganja kimoja ukutani. Pa! Na sisi tumo. Pa! Na sisi tumo.

Bibi Nakijwa wakati huo alikuwa bi harusi wa miezi mitatu. Mumewe, Mbonea, alibandika kiganja chake kando ya mlango, kisha akapanda kuezeka. Mguu ukateleza. Akaanguka, puu! Hakuamka tena. Nakijwa hakuachiwa mtoto. Aliachiwa kiganja kile ukutani, basi. Miaka arobaini, kila asubuhi alipita pale, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mumewe, kisha akaingia kufundisha.

Shule ilikuwa shule kweli. Asubuhi watoto walisoma na kufanya hesabu. Mchana walishindana mbio, kilimani na kurudi. Jioni Bibi Nakijwa alishika ngoma, na watoto wakaimba majina ya nyumba zilizojenga, moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa historia yao. Ukiiruka nyumba moja, unaanza upya, hata kama wewe ni mtoto wa jumbe.

Jumbe mzee akafa. Akatawala mwanawe, Senkondo. Shule ilipojengwa, bwana huyu alikuwa mgongoni kwa mamake, ananyonya kidole! Sasa akasimama mbele ya watu, kifua mbele, akasema, "Shule hii aliijenga baba yangu."

Akatoa na amri.

"Ngoma marufuku, ni makelele. Mbio marufuku, ni upuuzi." Upuuzi tangu lini? Tangu mabinti wa wafinyanzi walipowaacha wanawe nyuma kilimani! Kisha akaleta chokaa. Paka, paka, paka, nje na ndani. Ukuta ukawa mweupe pe.

Asubuhi Bibi Nakijwa akafika mlangoni. Akanyoosha mkono. Akapapasa. Hakuna kitu.

Akaenda moja kwa moja kwa jumbe. Hata hodi hakupiga.

"Senkondo, mume wangu yuko wapi?"

"Bibi, mumeo si alikufa?"

"Najua alikufa, nililia mimi. Nakuuliza kiganja chake kiko wapi."

"Ah, zile alama? Ukuta ulikuwa mchafu, Bibi. Nimeusafisha."

Mchafu! Mnasikia? Bibi akageuka, akaondoka.

Vuli ikakaribia, wakati wa kuezeka paa upya. Mwaka huo ngoma haikulia. Jumbe akatuma mpiga mbiu, "Njooni muezeke shule!" Watu wakamjibu, "Ya babake? Basi babake na aiezeke." Wakakaa barazani, miguu wameinyoosha.

Na nyinyi mnacheka! Bibi Nakijwa hakucheka. Alizunguka nyumba kwa nyumba na fimbo yake, ko, ko, ko.

"Mvua ikinyesha, atalowa nani? Jumbe au wajukuu zenu?"

"Lakini Bibi, ametutukana!"

"Ametutukana, ndiyo. Na mkiiacha shule ioze mtakuwa mmekubali kwamba ni yake. Mtu haachi chake kioze. Chukueni nyasi. Chukueni na magunzi."

Wakaenda, wazee kwa watoto. Nyasi wakazitua uwanjani. Magunzi wakayachovya majini, wakaanza kusugua ukuta, kwaru-kwaru-kwaru.

Senkondo akaja mbio. "Acheni! Mnaharibu kazi yangu!"

Kwaru-kwaru-kwaru. Hakuna aliyegeuka. Viganja vikaanza kutokeza, kimoja hapa, kingine pale. Bibi akamshika jumbe mkono, akamburura hadi kwenye kona.

"Kitazame hiki. Kidole cha mwisho kimepinda. Unakijua?"

Jumbe akakitazama. Kidole cha mwisho cha baba yake kilikuwa kimepinda hivyo hivyo.

"Baba yako alibandika kimoja, kama sisi. Hakuomba viwili. Umempaka chokaa na yeye."

"Bibi, nisamehe. Sikujua."

Bibi akaenda kando ya mlango, akasugua mwenyewe, polepole. Chokaa ikabanduka, na udongo ukabanduka nayo. Kiganja cha Mbonea hakikurudi kizima. Vilibaki vidole viwili.

Bibi akaweka vidole vyake viwili juu ya vile. Kisha akageuka, macho mekundu.

"Nikikusamehe, mwanangu, vile vingine vitatu vitarudi?"

Akamwonyesha paa kwa fimbo.

"Basi panda juu uezeke. Anza hapo alipoteleza mume wangu. Na ushike vizuri."

Jumbe akapanda, jasho linamtoka, nyasi zinamchoma shingoni. Chini, Bibi Nakijwa akaivuta ngoma, tu-tu-tu, na watoto wakaanza kuimba majina. Walipofika nyumba ya jumbe, wakaitaja mara moja tu, kama nyingine, wakaendelea.

Basi, wenzangu, kazi ya wengi haina mwenyewe mmoja. Na anayekufutia jina lako akisema anasafisha, usingoje mvua, chukua gunzi. Hadithi yangu nimeitua hapo. Kama imekukera, vizuri, nenda nayo hivyo hivyo.