Fisi na Mlango wa Korongo

Tegeni masikio niwape ya mwaka ule ambao mvua iliisusa mbuga ya Simba. Visima vyote vilikauka, ikabaki chemchemi moja tu huko vilimani, nyuma ya majabali. Njia ya kuifikia ilikuwa korongo jembamba, na ndani ya korongo alikaa Fisi na tumbo lake.

Fisi yule hakuwa na nguvu wala akili. Alikuwa na mahali. Simba alikuwa na jeshi zima, lakini korongoni waliingia mmoja mmoja, na kilichotangulia kufika mdomoni mwa Fisi ni kichwa. Kwa hiyo mfalme naye alipanga foleni, akaamkia, akaacha paja la swala.

Siku moja Sungura alifika mikono mitupu.

"Ushuru uko wapi?" Fisi akauliza.

"Sina kitu, Mheshimiwa. Wanangu wana kiu tangu juzi."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Kesho niletee mmoja. Watatu watakunywa."

Sungura alisikia moyo unamchemka. Akainua macho juu asije akatukana, ndipo alipoona nyasi kavu zimenasa kwenye matawi, juu kabisa ya kichwa cha Fisi. Nyasi hazipandi miti. Maji yaliwahi kupita pale, tena mengi! Na kule milimani wingu zito lilikuwa limeshajikusanya.

"Nitamleta," akasema. "Ila nakuonea huruma. Mlango mpana hivi! Simba akipunguza kitambi, si wataingia wawili wawili?"

Fisi akashtuka. "Sasa nifanyeje?"

"Ziba korongo kule upande wa juu kwa mawe, uache kitundu cha kupita mmoja. Halafu jilaze chini ya ukuta, usibanduke."

Fisi akabeba mawe mpaka ulimi ukaning'inia, kisha akajilaza. Muda si muda mvua ikapiga milimani. Maji yakateremka, yakakuta ukuta, yakajaa nyuma yake, ukuta ukashindwa. Fisi akatoka korongoni mkia mbele, akatupwa mbugani miguuni pa Simba pamoja na mifupa yote ya ushuru wake.

Visima vikafurika. Simba akakohoa kifalme. "Mimi ndiye niliyeyaamrisha maji yaje." Hakuna aliyembishia, wote walikuwa wanakunywa.

Sungura aliwatazama wanawe wanne, matumbo yamewajaa, akafurahi hadi machozi yakamtoka. Kando yao Fisi alikuwa amelala matopeni, akiogopa hata kuusogelea mdomo wa kisima.

"Jirani," akanong'ona, "nami nakunywa kwa ruhusa ya nani?"

"Kunywa tu," Sungura akamjibu. "Huku kwetu ni tambarare. Hakuna pa kukaa ukamzuia mwenzio."