Kwa Nini Mtama wa Shambani Huchelewa Kujikunja

Mnaniuliza kwa nini mtama wa shambani hunyauka mchana mmoja tu nisipoumwagilia, na huku mtama mwitu wa nje ya ua, ambao hakuna aliyewahi kuupa hata tone, umesimama. Na mnaniuliza nikiwa na mtungi kichwani! Haya, kaeni niwaambie.

Hapo kale mitama yote ilikuwa jamii moja, ikiota popote mbegu ilipodondoka. Ndani ya kila bua aliishi mlinzi mwenye ngoma ndogo, naye alikuwa mwepesi wa kushtuka. Jua likikaza kidogo tu, alipiga ngoma: majani yakajikunja, vinywa vyake vidogo vikafumba, mizizi ikashuka kutafuta unyevu. Bua lililofumba vinywa halifi upesi, lakini pia halili, na lisilokula halinenepi.

Alikuwepo mwanamke aitwaye Syombua, aliyeishi kando ya mto wa mchanga, ule ambao maji yake huyaoni mpaka uyachimbe. Alikuwa na mtoto dhaifu, Mutanu, ambaye tumbo lake halikukubali chochote ila uji wa mtama. Kwa ajili ya mtoto huyo Syombua alileta mitama kutoka porini, akaizungushia ua wa miiba, akaipalilia. Kila asubuhi alichimba mchangani, akateka maji kwa kibuyu, akaimwagilia bua kwa bua.

Na bado ngoma zililia. Wingu likiondoka, ngoma. Upepo wa moto ukipita, ngoma. Siku moja alipanda kutoka mtoni, kibuyu kimejaa, akaikuta yote imejikunja.

"Nyinyi!" akafoka. "Maji haya nimeyabeba ya nini? Hata panzi akipiga chafya mnafunga mlango?"

"Mama, tumeona jua," ikajibu mitama.

"Jua lipo kila siku! Na mimi nipo kila siku. Mwanangu analia njaa, nyinyi mnajikunja. Zinyamazisheni hizo ngoma. Likiwa kali kweli, mimi ndiye nitakayewaambia."

Mingine ilimwonea huruma, ikawaambia walinzi wake wasubiri. Mingine ilikataa. Iliyosubiri ilikula mchana kutwa, ikatoa masuke makubwa kama ngumi. Syombua aliyachagua hayo, akayatundika juu ya meko yapate moshi, yawe mbegu za mwaka wa pili. Iliyokataa aliing'oa akaitupa nje ya ua, pamoja na masuke yake madogo.

"Kaeni huko, wakaidi!"

Mama mkwe wake, Kaluki, alikuwa akimtazama. "Mwanangu, mbona unaweka mbegu za wanaokuitikia tu?"

"Mama, naweka za wanaomlisha mjukuu wako."

Kaluki alishika suke lililobaki, akalitundika pamoja na mengine.

Ikawa hivyo msimu hadi msimu. Walinzi hawakufa wala ngoma hazikupasuka. Lakini watoto wa waliosubiri walijua kusubiri, na wajukuu walisubiri zaidi. Mutanu akaanza kupata mashavu.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikata katikati. Maji yakazama chini kuliko mkono wa mtu unapofika, ikambidi Syombua ayafuate mbali, kwenye kona ya juu ya mto. Alimwacha Mutanu kwa Kaluki, akaondoka alfajiri, akarudi kesho yake adhuhuri. Akaikuta mitama imeinama, majani yamefunguka wazi, makavu kama gamba la nyoka.

"Kwa nini hamkufumba?" akalia. "Hamkulihisi jua? Jua lote hili?"

"Tulilihisi," likasema bua moja, sauti ikikwaruza. "Lakini ulisema utatuambia. Tulikuwa tunakungoja, mama."

Syombua alikuwa na hasira tele, asione wa kumpa. Alikaa chini. Ndani ya nyumba Mutanu alikuwa akilia, na Kaluki alikwisha kukwangua chungu cha mwisho.

Ndipo alipotazama nje ya ua. Mitama aliyoitupa ilikuwa imeota pale ilipoangukia. Ilikuwa myembamba, imejikunja, lakini hai, na kila bua na kisuke chake. Akaiendea polepole.

"Niliwatupa," akasema. "Sina uso wa kuomba. Lakini mtoto ana njaa."

"Ulituita wakaidi."

"Niliwaita."

Mtama mwitu ukamwinamishia visuke vyake. "Chuma. Mtoto hakututupa."

Alitandika ngozi chini, maana punje zile zilidondoka zikiguswa tu. Alichuma mchana kutwa akapata za uji wa bakuli moja. Mutanu akanywa, akalala.

Kisha Syombua akarudi kwenye mtama mwitu. "Basi waazimeni ndugu zenu hizo ngoma."

"Ngoma wanazo, na walinzi wanao, sawa na sisi. Wewe uliwazoeza kuchelewa, na kila mbegu iliyojua kuwahi ukaileta huku nje. Usiwafokee. Uliyemfundisha kukutegemea, mhudumie."

Alichukua maji aliyoyabeba siku mbili, akayamimina kwenye mabua ambayo shina lilikuwa bado na ukijani. Machache yakainuka.

Na tangu mwaka ule, mtama wa shambani hulihisi jua kama ndugu yake wa porini, ila mlinzi wake hugeuka kwanza kutazama njia ya mtoni. Akiona mtu anakuja na maji, ngoma hukaa kimya na suke hunenepa. Asipomwona, huendelea kutazama mpaka amechelewa. Ndiyo sababu mkulima hawezi kuuacha mtama wake wakati wa jua kali, hata awe amechoka vipi. Na akiugombeza, huugombeza huku anamimina.