Nyati Walipogeuza Pembe Ndani

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!
Haya, sogeeni. Hii si ya kucheka.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walipiga kura: nani asimamie mto wakati wa kiangazi? Nyati walijua watashinda wao. Wakashindwa. Tena wakashindwa na nyumbu, hebu fikiria.

Aibu ikawashika. Kiongozi wao, mzee Mararo, akasema, "Nimewaangusha. Tafuteni mwingine." Akaondoka zake, kwatu, kwatu, kwatu.

Wakajitokeza wawili, Kirungu na Sembuche. Sasa, nyati siku zote husimama duara, pembe nje, ndama katikati. Lakini wakichagua kiongozi, wagombea hukaa katikati, na kila nyati humgeukia anayemtaka. Basi kundi zima likageuza pembe ndani. Ndama wakabaki nje, nyuma ya mikia.

Kirungu akasema, "Tulishindwa kwa sababu ya Sembuche."

Sembuche akasema, "Tulishindwa kwa sababu ya Kirungu."

Wakahesabu. Sawa kwa sawa. Wakarudia. Sawa kwa sawa. Siku ya pili, vilevile.

Kulikuwa na mama mmoja, Nambiza. Mwanawe alikuwa na siku tatu tu, miguu bado inatetemeka. Akauliza, "Jamani, nje anaangalia nani?"

"Subiri, mama," wakamjibu. "Tupate kiongozi kwanza."

"Nimemsikia simba kwenye nyasi."

Kirungu akamwambia, "Wewe ni wa upande wangu. Ukigeuka sasa, nimekwisha."

Akabaki. Kila nikisimulia hapa moyo unaniuma. Alibaki.

Siku ya tatu, jua la utosi, nyati mmoja akamhama Sembuche. Kirungu akashinda. Vumbi likatimka, kundi likanguruma, mmmuu, mmmuu. Nyuma yao nyasi zikafanya chwaa. Sauti ndogo ikalia mara moja. Aliyeisikia ni mama peke yake, na alipogeuka, alikuwa amechelewa.

Kirungu akamwendea kwa maringo, hajui lolote. "Mama Nambiza, kura yako imeniweka hapa. Niombe chochote."

"Nirudishie mwanangu."

Kirungu akatazama nyasi zilizolala.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: kushindwa uchaguzi hakukumuua nyati hata mmoja. Waligombania nani awaongoze, wakamsahau waliyepaswa kumlinda. Hadithi yangu imeishia hapo. Nendeni mkawaangalie wadogo zenu.