Kiboko Aliyetaka Kuitwa Mia na Hamsini

Hapo zamani za kale, watoto, kabla wanyama hawajaanza kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa, habari zilipitishwa nyumba kwa nyumba, njia panda hadi njia panda.

Kila nyumba iliitwa kwa namba kubwa kuliko zote za milango yake. Milango ya nje ilipewa namba na baraza. Mlango wa ndani, mwenye nyumba aliupa mwenyewe namba aitakayo, na aliyekuwa nao aliitwa kwa namba hiyo. Baraza likifunguliwa, Kasuku karani aliita namba, na mwenye namba kubwa kuliko wote akawa Mkuu wa Njia, msambazaji wa habari zote. Namba uliyoingia nayo haikubadilika mpaka Mkuu avunje baraza.

Mkuu alikuwa Kiboko, Tisini. Tumbo pipa, akili kifuniko.

Kiangazi kikaja. Kila habari ya maji ilipomfikia, Kiboko aliziruka nyumba za vichuguuni. "Wale wadogo wadogo? Watajijua!"

Huko vichuguuni aliishi Sange, kimnyama chenye pua ndefu, namba Tatu, mwenye digrii ya njia na watoto wanaolamba umande. Akachimba, kwaru kwaru kwaru! Chumba cha ndani, mlango wa ndani: Mia Mbili. Mbio barazani.

"Karani, andika namba yangu mpya!"

"Weee! Rules ni rules, ndugu. Umeingia Tatu, utakaa Tatu."

"Brrrh!" Kiboko akacheka mate yakaruka. "Rudi shimoni, graduate!"

Sange angelia, ila machozi nayo ni maji. Akautazama mlango mpya wa nje wa Kiboko, rangi haijakauka: Mia na Hamsini.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Congratulations kwa mlango."

"Marahaba. Umeuona, eh?"

"Nimeuona. Ila mbona bado wanakuita Tisini? Wallahi, ni kama suti na ndala."

Kiboko akavimba. "Kasuku! Kwa nini mimi bado Tisini?"

"Mpaka uvunje baraza, Mhe—"

"Limevunjwa! Tuanze upya!" Puuu! Akakanyaga ardhi.

Kasuku akaita. "Kiboko, Mia na Hamsini!" Kiboko akainama kupokea makofi. "Sange..." Kasuku akasoma tena. "Mlango wa ndani. Mia Mbili."

"Nini? Vunja tena! Vunja!"

"Anayevunja ni Mkuu, mzee wangu," Sange akasema, keshakaa kwenye kiti cha Mkuu, miguu haifiki chini. "Karani, habari za maji zianzie vichuguuni. Now!"

Hadithi yangu nimeiacha kwenye maji yale, mwenye kiu akanywe: anayevunja kiti chake ili apate kirefu zaidi, huishia kusimama.