Kamba Isiyokuwa na Rangi ya Nili

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa wafumaji palikuwa na kadhi mcha Mungu, Mundhiri bin Asbaghi. Siku moja aliletewa Wahbu, mshona matandiko ya ngamia, kwa shitaka la wizi. Alionekana akitoka nyumbani kwa Raihana, mjane mtia rangi vitambaa, na jora la kitambaa begani. Hukumu ya wizi kamili, yaani kuchukua kwa siri mali iliyofungiwa, ilikuwa kukatwa mkono.

Mashahidi walimwona akitoka. Mlango hakuna aliyeuona kama ulikuwa umefungwa. Katika mji ule, wanawake wakienda kuswali walifunga milango kwa kamba ya katani, na kamba hiyo iliheshimiwa kama kufuli.

"Ulifunga, mama?"

"Wallahi nilifunga, Sheikh. Hufunga kila siku."

Kadhi akatatizika. Wanazuoni wawili waliokaa ubavuni pake hawakumsaidia.

"Mkate mkono," alisema wa kulia. "Jitu zima hili lilijua linalofanya!"

"Mwachie," alisema wa kushoto. "Shitaka ni wizi. Wizi usipothibiti wote, hana kosa."

Akimsikiliza huyu, alimwona kasema kweli. Akimsikiliza yule, naye kasema kweli. Mwisho akaagiza kamba ya mlango ule iletwe, Raihana aonyeshe alivyofunga.

Raihana akapiga fundo la kwanza, akasita. Akavitazama vidole vyake, vya buluu hadi viganjani.

"Siku ile adhana ilinikuta kwenye pipa la nili," alisema polepole. "Nilitoka mbio, mikono inachuruzika, nikatawadhe msikitini. Na kamba hii ni nyeupe." Akainamisha kichwa. "Sikufunga, Sheikh. Nimekuapia mazoea yangu. Mungu anisamehe."

Wahbu, aliyekuwa ameuficha mkono wa kulia kwapani, akaangua kilio. "Nililichukua, Sheikh. Mlango ulikuwa wazi."

"Basi aende zake!" alisema wa kushoto.

Kadhi akafumba macho. "Tukiutoa mlango katika shitaka, kinabaki nini?"

Akamnyooshea Wahbu kidole.

"Jora la mwenzake bado liko begani mwake." Akamhukumu kwa kosa dogo lililokuwa ndani ya lile kubwa: alirudishe jora, akae kifungoni mwezi mmoja.

"Lakini hakushitakiwa kwa hilo!" alisema wa kushoto.

"Shitaka lilisema kafungua, kaingia, kachukua. La kuchukua lilitamkwa humo humo, naye kalijibu."

Wahbu akamkabidhi Raihana jora lake kwa mikono miwili. Kadhi aliutazama ule wa kulia kwa muda mrefu.

Miaka baadaye aliulizwa kama alihukumu sawa. "Sijui," alijibu. "Ninachojua, nilikaribia kuukata mkono ule."

Ndugu zangu, Mola atujaalie vidole vya Raihana, vilivyosita kabla ya fundo la pili.