Pembe Kwenye Gitaa la Baba

Kidole hakioni pambo. Jana mlimsikia fundi viatu wa sokoni akimwambia Nasimiyu maneno hayo, alipomwona akichechemea na viatu vyake vyenye vifungo vya kung'aa, nanyi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Sasa mmekuja kuniuliza ni nani aliyeyasema kwanza. Msingeuliza ningenyamaza, maana mambo yenyewe ni ya nyumbani kwetu, na mimi sipendi kutembeza ya nyumbani. Lakini mmeuliza. Basi kaeni, na wewe Wesonga zima hiyo simu. Methali hii ilizaliwa namna hii.

Baba yangu, Mukabane, alikuwa mpiga gitaa. Alipiga akiwa amefumba macho tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, na wengine walidhani ni maringo. Siku moja nilimwuliza sababu. Akaniambia kwamba akifumba macho, nyimbo humpeleka mahali. Akiimba juu ya mto, husikia ubaridi wa maji miguuni. Akimwimbia mtu, mtu huyo huja akakaa mbele yake. Nilimwamini, kwa sababu siku zote nilikuwa kando yake nikigonga chupa ya soda kwa msumari ili kumshikia mwendo, na niliuona uso wake ulivyobadilika.

Mama yangu aliitwa Ayuma. Alikufa mwaka wa mvua nyingi, mwaka ambao ukungu ulikaa juu ya mashamba ya miwa hadi saa nne za asubuhi. Katika ukoo wetu, mtu alizikwa kwa kilio lakini alisindikizwa kwa wimbo. Mwaka ukitimia, watu walikusanyika alasiri, na mume akaimba maisha ya marehemu: alikozaliwa, kijito alikochota maji, boma alikoolewa, watoto wake mmoja mmoja kwa majina, mpaka kaburini. Wimbo huo haukukatwa. Ukikatika, ulianzwa upya. Na jua likizama kabla haujafika kaburini, haukuimbwa tena. Marehemu alihesabiwa kuwa ameachwa njiani.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja gitaa la Baba lilipopasuka tumbo kwa unyevu. Akaenda soko la Ebukaya kwa Andati, ndugu yake Mama, fundi aliyetengeneza magitaa kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia, "Shemeji, nitengenezee gitaa la kumwimbia dada yako. Lisiwe na makuu. Shingo iwe laini tu, mkono upite."

Mjomba akakubali kwa mdomo. Alimpenda dada yake kupita kiasi, na tangu msiba hakuwa amelia hata siku moja. Alikuwa akifanya kazi tu, siku nenda siku rudi. Kwake yeye, gitaa la mbao tupu lilikuwa ni kumvunjia dada yake heshima. Sasa, siku ya mazishi alichinjwa fahali, na Mjomba alikuwa ameiweka pembe moja ya fahali huyo. Aliichemsha mpaka ikalainika, akaipasua, akaibana kati ya mbao mbili nzito mpaka ikanyooka, kisha akakata kanda mbili nyembamba. Akachonga kingo za ubao wa shingo, pale vidole vinapokanyagia nyuzi, akazibandika kanda zile kwa gundi, moja huku na moja huku, kutoka kichwani mwa gitaa hadi tumboni. Akazisugua kwa msasa na mafuta siku ishirini, zikang'aa zikawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa asali.

Kosa lake lilikuwa dogo, la unene wa ukucha. Ukanda wa namna hiyo hukwanguliwa mpaka ulingane na mbao, mkono usijue panapoungana. Mjomba alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Lakini aliuacha umeinuka kidogo, ili waione pembe hata wale watakaokaa nyuma kabisa. Tena alitaka kumshangaza Baba, kwa hiyo alilifunika gitaa kwa leso ya Mama na hakumwonyesha hadi siku yenyewe.

Ilikuwa alasiri ya usingizi. Ng'ambo ya mto walikuwa wamechoma miwa, na majivu yalishuka polepole yakatua mabegani mwetu, wala hakuna aliyeyapangusa. Hata watoto wadogo walinyamaza. Mjomba alipofunua leso, watu waliguna kwa kupendezwa, wazee wakainuka kuja kutazama. Shangazi yangu Khatenje alisema hajaona kitu kizuri namna ile tangu azaliwe. Baba akashukuru, akakaza nyuzi, akafumba macho.

Aliimba mahali Mama alikozaliwa, na nilimwona akitabasamu, nikajua Mama amekuja. Alipofika kwenye kijito, kidole chake cha mwisho kilikwenda kutafuta uzi wa pembeni kikagonga pembe, uzi ukalia vibaya. Akaanza upya. Mara ya pili alifika kwenye harusi, uzi ukakwama kwenye ule ukingo, wimbo ukakatika. Mara ya tatu alifumbua macho. Alipiga akivitazama vidole vyake, kama mtu anayejifunza, na hakukosea hata kidogo, lakini wimbo ukawa maneno matupu. Alipofika kwenye jina langu aliacha mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye vichwa vya mikaratusi. Niliogopa sana. Nilimwona Mama akiwa amesimama peke yake katikati ya barabara, hajui aendelee au arudi.

"Kuna nini, shemeji?" Mjomba akauliza.

"Gitaa lako ni zuri," Baba akasema taratibu. "Sijashika zuri kama hili. Lakini kila nikimkaribia Ayuma, mkono unagonga kitu. Na nikifumbua macho ili nisigonge, yeye simwoni tena. Naona pembe."

"Ni pembe ya fahali wake. Nimemwekea yeye."

"Najua. Ila mimi nampata kwa vidole."

Shangazi Khatenje akaingilia kati. "Piga hivyo hivyo, ndugu yangu. Watu wote wamelipenda."

Mjomba alitazama jua, akatazama gitaa, kisha akaninyooshea mkono. "Nipe hiyo chupa, mwanangu."

"Na mimi nitagonga nini, Mjomba?"

"Leo hutagonga."

Aliivunja juu ya jiwe, akachagua kipande chenye makali, akalegeza nyuzi akazisogeza kando, akaanza kukwangua. Mwanzoni alikwangua akiangalia, na kila mng'ao ulipofutika mkono wake ulisita. Basi akafumba macho naye. Akawa anakwangua na kupapasa, anakwangua na kupapasa, vumbi jeupe likianguka pamoja na majivu. Kazi ya siku ishirini iliisha mbele ya watu walioisifu. Pembe ikabaki imefifia, ina mikwaruzo, rangi yake kama ya ukucha wa mzee. Nilimwonea huruma mpaka nikaangalia pembeni.

Baba alipokea gitaa, akalirudishia sauti, akaanza upya tangu mahali Mama alikozaliwa. Safari hii hapakuwa na chupa, ilikuwa sauti yake na nyuzi tu. Alipita kijitoni. Alipita harusini. Alitaja watoto, akanitaja mimi, akasonga mbele, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayezungumza na mwenziwe jikoni. Alimfikisha Mama kaburini jua likiwa bado lina ncha moja nyekundu juu ya miwa. Hakuna aliyepiga makofi.

Baadaye, macho yake yakiwa bado yamefumbwa, Baba akauliza, "Umezing'oa zile pembe?"

"Zipo," Mjomba akasema.

Baba akapitisha kidole kwenye ukingo wa shingo, kutoka juu hadi chini, halafu upande wa pili. "Sizihisi."

"Zipo, shemeji. Zote mbili."

Hapo ndipo Mjomba Andati alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kilio cha mwaka mzima, na Baba akamshika bega bila kumnyamazisha.

Watu walipoanza kutawanyika, Shangazi Khatenje aliliinua gitaa akaigeuza geuza shingo yake kwenye mwanga uliobaki. Alisikitika kweli. "Andati," akasema, "uzuri wote ule umeukwangua ukautupa?"

Mjomba akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la pembe. Akaushika mkono wa Shangazi, akauweka kwenye shingo ya gitaa, akamwambia afumbe macho.

"Kidole hakioni pambo," akamwambia.