Kotimiri ya Bi Kishungi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Nasema paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa bado wanaishi porini, alikuwepo kuku mmoja jina lake Bi Kishungi. Alikuwa na vifaranga wengi. Mwewe akala, nyoka akala, ugonjwa ukamaliza. Akabaki na mmoja tu, Kinyoya. Akilala anamfunika, akiamka anamtafuta kwanza yeye.

Jirani yao alikuwa Kicheche. Mnamjua Kicheche? Ananuka! Ananuka hata nzi wanamkwepa. Basi Kicheche akapata mchumba, akaanza kuona haya. Akasema, "Siku ya harusi nitapika pilau, na kachumbari iliyojaa kotimiri, harufu yangu isisikike." Lakini kila akipanda yeye kotimiri, inanyauka.

Akaja kwa Bi Kishungi. Nyaku! Akamkamata Kinyoya shingoni.

"Shika mbegu hizi," akasema. "Mwezi ukiandama naoa. Niletee kotimiri mbichi, mwanao utamchukua mzima. Usipoleta, pilau itakuwa ya kuku."

Bi Kishungi akalia, akalia, akaenda kwa Bi Chura.

"Shoga yangu, nisaidie kuotesha kotimiri hii!"

"Kila kokwa ina mbegu mbili ndani," Chura akamwambia. "Ibonyeze ipasuke, usiisage. Loweka. Kisha panda pale pale zitakapokulia, kivulini, nyunyiza maji. Halafu ziache."

"Niziache? Mwanangu yuko kwa Kicheche, wewe unaniambia niziache?"

"Ziache, shoga. Kotimiri ni mvivu wa kuamka."

Akabonyeza, akaloweka, akapanda zote kwenye chungu kibovu mlangoni kwake. Akanyunyiza maji. Kesho yake, udongo kimya. Kesho kutwa, kimya. Kutoka kwa Kicheche akasikia, "Mama! Mama!" Na kuku ni kuku, akiingiwa na wasiwasi miguu haitulii. Chaku! Chaku! Akachakura. Akaona mbegu, zimelala vilevile. Akafukia.

Asubuhi nyingine, "Mama! Mama!" Chaku! Chaku! Akachakura tena. Lo! Kila mbegu imetoa kitu cheupe, chembamba, kimejikunja.

"Funza!" akapiga kelele. "Funza wananilia mbegu za mwanangu!"

Do! Akadonoa. Do! Do! Do! Akadonoa, akameza wote aliowaona. Akapangusa mdomo, akamshukuru Mungu kwamba amewahi.

Chura akaja kuchungulia.

"Umefanya nini, Bi Kishungi?"

"Nimeua funza."

Chura akatazama ndani ya chungu. Akakaa chini.

"Shoga, kotimiri ikiota hutanguliza mzizi. Mzizi wake mweupe."

Bi Kishungi akajaribu kutapika. Hakikutoka kitu.

Mwezi ukaandama. Akaenda kwa Kicheche bila hata jani.

"Nichukue mimi," akasema. "Aliyekosea ni mimi. Mtoto hana kosa."

Kicheche akamtazama juu mpaka chini. "Wewe mzee, nyama yako haiivi."

Mlango, pa! Ndani sauti ikaita "Mama!" mara moja. Kisha ngoma zikaanza.

Wageni wakala. Wakalamba vidole, wakasifu pilau, wakaomba nyingine. Harufu ya Kicheche hakuna aliyeitaja, maana hakuna aliyekuwa akiijali tangu mwanzo.

Bi Kishungi akarudi kwake. Ndani ya chungu, pembeni, chini ya kigae, mbegu moja ilikuwa imejificha asiione. Imechipua, ina vijani viwili. Akatandaza mbawa, akaukinga ule mche na jua, akakaa hapo kutwa nzima. Siku hiyo miguu yake ilitulia.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Unachotaka kikue, usikichakure kwa sababu una hofu. Mwenye hofu haoni sawasawa, na anaweza kuua kwa mdomo wake kitu kile kile anachokihangaikia.

Hadithi yangu inakomea hapo. Kama imewauma, ndivyo ilivyoniuma mimi nilipohadithiwa.